Dirisha la Masjala: Kulwa, Doto na Faili la Kompyuta

Katika toleo lililopita niligusia kwa mistari michache tu kwamba zahanati na hospitali nyingi za kanda yetu zinahama kutoka kwenye faili la karatasi kwenda kwenye kompyuta, nami nikadhani jambo hilo litapita kimya kimya. Halikupita. Barua na jumbe za simu zimejaa mezani, baadhi zikiwa za hasira, na nimechagua sita ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Nikumbushe kwamba mimi si daktari. Nilikuwa mtunza kumbukumbu za hospitali hadi nilipostaafu, kwa hiyo ninajibu yanayohusu kile kilichoandikwa. Yanayohusu dozi na matibabu, mwenye kuyajibu ni tabibu aliyekupima.

Shikamoo Mama. Nina mapacha wa miaka minne, Kulwa na Doto, wote wa kiume, lakini hawafanani hata kidogo. Walipopimwa selimundu, Doto alionekana ana ugonjwa, Kulwa akaonekana amebeba tu kinasaba. Mwezi uliopita nilimpeleka Kulwa kwa ajili ya homa, tabibu akatazama kompyuta na kunigombeza kwamba mtoto ana selimundu na simpeleki kliniki. Baada ya wiki mbili nilimpeleka Doto, faili lake halikuonekana kabisa. Nani amekosea, na nifanye nini? – Mama Kulwa, Kirumba

Marahaba, Mama Kulwa, na pole kwa kugombezwa bila kosa. Kwa maelezo yako ninaamini kwamba mafaili mawili ya wanao yameunganishwa yakawa moja, na aliyeyaunganisha alidhani anasafisha uchafu. Ngoja nieleze linavyotokea, maana ukilielewa utaweza kulisimamia mwenyewe pale dirishani.

Masjala yoyote, iwe ya karatasi au ya kompyuta, inaogopa mambo mawili. La kwanza ni mtu mmoja kuwa na mafaili mawili, hali ambayo humfanya tabibu aone nusu ya historia yake. La pili ni watu wawili kuwa na faili moja. La kwanza ni kero kubwa, lakini la pili linaweza kuua. Ili kupunguza lile la kwanza, mifumo mingi hutafuta mafaili yanayokaribiana kwa kulinganisha jina, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, mtaa, jina la mama na namba ya simu, na kila kinachopatana hupewa alama. Alama zikivuka kiwango kilichowekwa, kompyuta hupendekeza kwamba huyo ni mtu mmoja. Hesabu ya namna hiyo iliwekewa msingi wa kinadharia mwaka 1969 na wanatakwimu wawili wa Kanada, Ivan Fellegi na Alan Sunter, na ndani yake mna busara ambayo ingefaa ibandikwe ukutani katika kila mapokezi ya Mwanza: kupatana kwa kitu adimu kuna uzito kuliko kupatana kwa kitu cha kawaida. Wawili wakipatana kwa jina lisilosikika mara kwa mara, huenda kweli ni mmoja. Lakini katika mji ambao kila nyumba iliyojaliwa mapacha ina Kulwa na Doto wake, na Shija wa kuwafuata, jina Kulwa peke yake halimtambulishi mtu yeyote.

Sasa watazame wanao kama mashine inavyowatazama. Tarehe ya kuzaliwa ni moja, jinsia moja, baba mmoja, mama mmoja, mtaa mmoja, na simu ni ile ile yako. Kinachotofautiana ni jina la kwanza tu, na karani anajua wazazi wengi huandikisha jina la ubatizo hapa na jina la nyumbani pale, kwa hiyo amezoea kumwona mtoto mmoja kwa majina mawili. Kompyuta ikimwuliza kama hawa ni mtu mmoja, naye ana foleni iliyofika mlangoni, atabonyeza ndiyo. Namba ya kitambulisho cha Taifa ingewatofautisha, lakini hutolewa kwa mtu aliyefikisha miaka 18, kwa hiyo kwa watoto haipo.

Nenda na cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, kwa sababu kila cheti kina namba yake, pamoja na majibu yoyote ya maabara uliyoyahifadhi, na uombe kuonana na msimamizi wa kumbukumbu badala ya kumalizana na karani wa mapokezi. Akikwambia kwamba watafuta yaliyokosewa, kataa kwa adabu. Kumbukumbu ya tiba haifutwi; hutenganishwa, na alama ya kosa inabaki ikionyesha lilikuwa nini, nani alilirekebisha na siku gani. Kila kilichoandikwa tangu siku mafaili yalipounganishwa lazima kisomwe mstari kwa mstari na mtu anayejua tiba ili kijulikane ni cha nani, na palipo na shaka, hasa kipimo cha selimundu, omba kirudiwe kwa watoto wote wawili. Katika misimbo ya magonjwa, ambayo nitaieleza kwenye barua inayofuata, mwenye selimundu ambaye kwa wakati huo hayuko katika maumivu makali huandikwa D57.1, na aliyebeba kinasaba tu huandikwa D57.3. Zinatofautiana kwa tarakimu moja, ilhali mmoja anahitaji kliniki maisha yake yote na mwingine haihitaji.

Moyo wangu uko zaidi kwa Doto. Kulwa amebandikwa ugonjwa asio nao, na hilo litagundulika mapema kwa sababu mtu atauliza. Doto amevuliwa ugonjwa alio nao, na akifika usiku akilia kwa maumivu ya mifupa, zamu ya usiku itamwona kama mtoto mgeni mwenye homa. Mpaka mambo yatengemae, andika kwa kalamu ya wino kwenye kadi yake ya kliniki maneno haya: ana selimundu, ana pacha, msituchanganye. Kila ukifika mapokezi, sema kwanza kwamba ni mapacha, kabla hujaulizwa jina.

Kwa faida ya wengine niongeze jambo moja kuhusu majina yetu. Mtu aitwaye Ng'wandu anaweza kuwa na mafaili matatu katika hospitali moja: lenye alama ya ritifaa (') baada ya Ng, lisilo nayo, na lile ambalo karani aliyetoka mbali aliandika Mwandu jinsi alivyosikia. Chagua tahajia moja, ile ya cheti cha kuzaliwa au kitambulisho, na uitamke herufi kwa herufi kila mara. Mimi mwenyewe niliwahi kutafuta faili la mzee mmoja kwa saa nzima huku liko mkononi mwa mwenzangu, limeandikwa kwa alama ile ile ambayo kibodi ya enzi hizo ilikataa kuiandika.

Habari za kazi, Mama. Mimi ni mvuvi wa dagaa. Nilipimwa nikaambiwa nina kichocho, na kwenye karatasi wameandika B65.1. Rafiki yangu wa Kwimba naye ana kichocho, tumemeza dawa ile ile, lakini yake imeandikwa B65.0. Namba hizi alizitunga nani, na kwa nini hazifanani? – Mvuvi, Kayenze

Barua yako imenifurahisha, ndugu yangu, kwa sababu umeona kitu ambacho wengi hukikunja na kukitia mfukoni. Hiyo ni misimbo ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, ambao hospitalini tunauita ICD tu. Asili yake ni orodha ya sababu za vifo ambayo Jacques Bertillon, mkuu wa takwimu wa jiji la Paris, aliiwasilisha mwaka 1893 mjini Chicago mbele ya Taasisi ya Kimataifa ya Takwimu. Nchi zilikuwa zimechoka kulinganisha vifo vyao huku kila moja ikitumia majina yake ya magonjwa. Mwaka 1948 Shirika la Afya Duniani lilichukua jukumu hilo kwa toleo la sita, ambalo ndilo la kwanza kujumuisha kikamilifu hata magonjwa yasiyoua, na toleo la kumi, ambalo msimbo wako umetoka humo, lilipitishwa mwaka 1990. Herufi ya kwanza inataja sura ya kitabu, tarakimu mbili zinataja ugonjwa, na tarakimu iliyo baada ya nukta inataja aina yake. B65 ni kichocho popote duniani, hata mbele ya karani asiyejua neno moja la Kiswahili.

Nukta sifuri na nukta moja ndizo zenye hadithi ya ziwa letu. Nukta sifuri ni kichocho cha mkojo, nukta moja ni kichocho cha tumbo, na minyoo yake ni ya aina mbili mbalimbali inayolelewa na konokono wa aina mbili mbalimbali. Konokono wa kichocho cha tumbo hukaa kandokando ya ziwa, kwenye matete na pale mnapovuta mitumbwi. Konokono wa kichocho cha mkojo hupenda madimbwi na malambo ya bara, ambako watoto wa Kwimba na Shinyanga huchunga ng'ombe na kuoga. Mtaalamu wa maabara hahitaji kukuuliza unatoka wapi. Yai la kichocho cha tumbo hulipata kwenye choo kikubwa, na chini ya darubini lina mwiba uliochomoza ubavuni kama mwiba wa mgunga. Yai la kichocho cha mkojo hulipata kwenye mkojo, na mwiba wake uko nchani. Aliyekuandikia B65.1 aliuona ule mwiba wa ubavuni, au alimwamini aliyeuona.

Utauliza kuna haja gani ya kutofautisha ikiwa dawa ni ile ile, prazikwanteli. Haja ipo, tena kubwa. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka mingi huharibu ini na kuvimbisha bandama, mpaka mtu akatapika damu. Cha mkojo huharibu kibofu na kinaweza kuleta saratani yake, na kwa wanawake hushambulia viungo vya uzazi. Tabibu atakayekuona baada ya miaka kumi akikuta B65.1 atalitazama ini lako. Akikuta B65.9, maana yake kichocho kisichotajwa aina, ataanza upya. Huo wa mwisho ndio msimbo ninaouchukia kuliko yote, kwa kuwa mara nyingi huandikwa na mtu aliyekuwa na majibu ya maabara mkononi na akaona uvivu kufungua ukurasa wa pili.

Msimbo wako haubaki kwenye karatasi yako tu. Unahesabiwa pamoja na wengine katika taarifa ya mwezi ya MTUHA, ule Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya ambao zamani ulikuwa ni vitabu vikubwa vya mistari, kitabu namba 5 kikiwa cha wagonjwa wa nje, na sasa hujumlishwa kitaifa kwa programu ya DHIS2 iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo. Hapo jina lako halipo, kuna idadi tu. Kwa sadfa, daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo wa kichocho mjini Cairo mwaka 1851, na Bertillon alizaliwa mwaka huo huo.

Kabla sijasahau, kitabu hicho kinawajua wavuvi kuliko mnavyodhani. V90 ni chombo cha majini kupata ajali na mtu kuzama; W58 ni kuumwa au kupigwa na mamba. Kiboko hana msimbo wake peke yake, amewekwa kapu moja na wanyama wengine wenye kunyonyesha, jambo ambalo mtu wa Ukerewe hawezi kulikubali.

Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu, natumia bima, na nina presha ya muda mrefu. Juzi dirisha la dawa lilikataa kunipa dawa zangu, wakasema ugonjwa ulioandikwa haulingani na dawa. Kumbe kwenye kompyuta nimeandikiwa taifodi! – Mwalimu, Buswelu

Marahaba, Mwalimu. Shinikizo la damu la kawaida ni I10, na taifodi ni A01.0. Bila shaka ulipofika ulikuwa na homa, tabibu akaandika taifodi kama dhana ya awali, akasahau kuongeza presha kama ugonjwa wako wa kudumu. Mfumo wa madai hulinganisha msimbo na dawa, na dawa ya presha haitibu taifodi, kwa hiyo ulikataa. Kwa kweli ulifanya kazi yake. Rudi kwa tabibu yule yule, aongeze I10 na aitie saini, kisha dirisha litafunguka. Kuna na kosa jingine dogo linalofanana na hilo: I10 huanza na herufi I kubwa, na mwandishi wa haraka huandika 110, tarakimu tatu tupu, ambazo si msimbo wa ugonjwa wowote katika toleo la kumi. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika uzazi wa kawaida, O80, kwa sifuri badala ya herufi O, wodi nzima ya wazazi kwa mwezi mzima, na taarifa ikarudi ikionyesha kwamba hospitali yetu haikuzalisha mtu. Walioandaa toleo la kumi na moja walilifahamu tatizo hilo, na katika misimbo yao wameziondoa herufi I na O.

Lakini niruhusu niseme linalonikera. Mtu mwenye homa ambayo chanzo chake hakijajulikana ana msimbo wake halali, R50.9, nao hauna aibu yoyote. Badala yake tumezoea kumpa kila mwenye homa taifodi na UTI kwa pamoja, mara nyingi kwa kipimo cha Widal ambacho huonyesha ndiyo hata kwa mtu aliyeugua zamani au anayeumwa kitu kingine. Mgonjwa hufurahi kupata jina la ugonjwa. Faili lake linabaki na taifodi sita kwa mwaka, na siku atakapokuja na taifodi ya kweli hakuna atakayeshtuka.

Mama, mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda, akavunjika paja, akalazwa, siku ya tisa akabanwa pumzi ghafla akafariki. Karatasi ya kifo imeandikwa "moyo kusimama". Sisi tunajua aliuawa na ajali. Je, hii ni kawaida? – Mfiwa, Igogo

Poleni sana, na Mungu awatie nguvu. Ni kawaida, lakini si sahihi. Moyo wa kila anayekufa husimama, kwa hiyo maneno hayo hayaelezi chochote. Fomu ya Shirika la Afya Duniani ya kuthibitisha sababu ya kifo ina mistari inayoshuka: wa juu huandikwa kilichomwondoa mwisho, na kila mstari wa chini huandikwa kilichosababisha cha juu yake, mpaka ufike kwenye chanzo cha yote. Kwa jinsi ulivyosimulia, tabibu angeweza kuandika donge la damu kwenye mapafu, chini yake kuvunjika paja, na chini kabisa ajali ya pikipiki, kama uchunguzi wake uliunga mkono hivyo. Takwimu za nchi huchukua ule mstari wa chini. Ukiandikwa moyo kusimama, ajali inatoweka kwenye hesabu, na mwenye kupanga matuta ya barabarani au wodi ya mifupa hataiona.

Andikeni barua kwa mganga mkuu wa kituo mkiomba sababu ipitiwe upya kwa kulisoma faili la wodini. Fanyeni hivyo mapema, kabla hamjakamilisha cheti cha kifo RITA, na pia kwa sababu madai ya bima ya chombo kilichogonga yanaweza kutegemea maandishi hayo.

Dada yangu, naandika kwa siri. Natumia dawa za kufubaza virusi, na kwenye fomu yangu nimeona Z21. Jirani yangu ni muuguzi katika kituo kile kile. Je, anaweza kufungua faili langu kwenye kompyuta? – Msomaji, Igoma

Mdogo wangu, nitakujibu bila kukuficha. Msimbo si fumbo. Z21 ni mtu mwenye virusi vya UKIMWI ambaye hana dalili, na yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta maana yake kwa nusu dakika. Kwa hiyo fomu yenye msimbo huo inastahili kufunikwa sawasawa na fomu iliyoandikwa kwa maneno. Ukiona zimeachwa wazi juu ya kaunta, lalamika.

Kuhusu jirani yako, kuweza na kuruhusiwa ni mambo mawili. Mfumo uliopangwa vizuri humpa kila mtumishi kile tu kinachohusu kazi yake, na kila anayefungua faili huacha nyayo: jina lake, siku, saa, na alichotazama. Faili la karatasi halikuwa na kitu hicho. Nilikaa masjalani miaka mingi na sikuweza kamwe kujua nani alisimama pembeni ya kabati akisoma. Udhaifu uko kwenye neno la siri. Pale ambapo zamu nzima hutumia neno la siri la mtu mmoja, lililobandikwa kwenye kioo cha kompyuta kwa plasta ya kidonda, nyayo zote ni za mtu huyo mmoja na hazithibitishi kitu. Nimeliona hilo kwa macho yangu, na nililipigia kelele hadi nikachukiwa.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali yako, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti na inakupa haki ya kujua zinatumiwaje na kuomba zilizokosewa zirekebishwe. Unaweza kumwomba mganga mfawidhi, kwa maandishi, akague ni nani waliofungua faili lako, bila kumtaja jirani. Usiporidhika, ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, nayo hupokea malalamiko. Na kama hofu inakuzuia kwenda kuchukua dawa, omba uhamisho wa kituo leo hii kabla ya hayo mengine yote, kwa sababu malalamiko yanaweza kusubiri wiki tatu lakini dawa haziwezi.

Mwanangu, mimi ni mzee wa Nansio. Daftari langu la hospitali nimelitunza tangu mwaka 1998. Sasa kijana wa mapokezi ananiambia nilitupe, kila kitu kiko kwenye kompyuta. Lakini nilipovuka kwenda mjini kwa rufaa, huko hawakuona chochote. Nimsikilize nani? – Mzee, Ukerewe

Shikamoo Mzee wangu. Usilitupe.

Kijana huyo anasema kweli kuhusu kituo chake, ila hajui kwamba faili lake halivuki maji. Vituo vingi vya Serikali za Mitaa vinatumia mfumo uitwao GoTHOMIS, hospitali nyingine zina mifumo yao, na kuwa na kompyuta pande zote mbili hakumaanishi kwamba zinazungumza. Ili zizungumze lazima zikubaliane mgonjwa anatambulishwa kwa namba gani, kipimo kinaitwaje na ugonjwa unaandikwa kwa msimbo upi. Ndiyo maana nimewachosha wasomaji kwa herufi na nukta katika kurasa hizi. Zaidi ya hayo, kilichoingizwa ni cha kuanzia siku mfumo ulipowekwa. Yaliyomo katika daftari lako tangu mwaka 1998 hayakuingizwa na mtu yeyote, na sidhani kama kuna atakayeyaingiza. Na umeme ukikatika au mtandao ukiwa chini, tabibu atakuuliza wewe.

Mwombe mjukuu apige picha kila ukurasa na kuzihifadhi kwenye simu yake na ya mtu mwingine mmoja, kisha litie daftari kwenye mfuko wa nailoni, maana maji ya kivuko hayachagui. Kwenye karatasi moja ya mbele mwambie aandike kwa herufi kubwa jina lako kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka wako wa kuzaliwa, magonjwa ya kudumu, dawa unazotumia sasa, dawa iliyowahi kukudhuru, na upasuaji uliowahi kufanyiwa pamoja na mwaka wake. Ukipewa rufaa, usiondoke bila barua ya karatasi yenye muhuri, hata wakikwambia wameshaituma kwenye mfumo, na ukifika ng'ambo, wape barua kwanza na daftari baadaye, kwa sababu wakiliona daftari la miaka yote hiyo watalisogeza pembeni bila kulisoma.